Pumzi za Mama Bustani

Mama Bustani hakuwa dada yangu wa kuzaliwa. Nalisema hilo mapema kwa sababu kwenye msiba wake watu walinipa pole za ndugu na mimi nikazipokea bila kusahihisha. Nilimkuta redioni, alinizidi miaka tisa, nikamwita dada kwa adabu tu. Miaka kumi na tisa baadaye ile adabu ilikuwa imetuishia na udada ndio uliobaki. Tuligombana, tukanuniana, tukala sahani moja.

Jina la Mama Bustani alipewa na mlinzi wa getini. Alisema mama huyu akipita na kikapu chake, ni bustani nzima ya wanyama imeingia, na yeye hajui aandike nini kwenye daftari la wageni. Mimi waliniita Mkasi. Nilikuwa fundi mitambo. Siku zile sauti ilikaa kwenye utepe mwembamba wa kahawia, na mtangazaji akikohoa, mimi nilizungusha gurudumu kwa mkono polepole mpaka nikaukuta mkohozo wenyewe, nikaukata kwa wembe, nikaunganisha ncha mbili kwa gundi. Msikilizaji hakujua kitu. Kuna wakubwa wenye kigugumizi walioingia studioni kwetu wakijikwaa kila neno la tatu, wakasikika hewani wakimiminika kama maji ya bomba. Nilijivuna sana kwa hilo. Nilikuwa kijana mwenye kiburi na wembe mkali, na sidhani kama umri ulinipunguzia kiburi.

Kipindi chake kilikuwa cha watoto, Jumamosi saa kumi jioni, nusu saa, moja kwa moja hewani. Alitoa milio ya wanyama na watoto wakakisia ni nani. Basi, hicho ndicho kilikuwa kipindi. Mkuu wa vipindi alipokikubali alisema kitadumu miezi mitatu.

Ndani ya kikapu kulikuwa na vifuu viwili, kipande cha mpira wa kumwagilia maua, glavu ya ngozi, kizibo cha chupa na kipande cha kioo. Ndoo ya bati aliibeba mkononi. Kizibo kikisuguliwa kwenye kioo kilicholoweshwa, unapata kinda wa ndege anayedai chakula. Mpira ukipulizwa kwa midomo iliyolegea ni tembo, na ukipulizwa kwa midomo iliyokazwa ni tembo mwenye hasira. Simba alikaa kwenye ndoo. Dada aliinama, akaingiza uso wote ndani, na sindano za mitambo yangu zikaruka hadi kwenye nyekundu. Kila mara nilimfokea. Kila mara alitoa uso kwenye ndoo, akanitazama kupitia kioo cha studio na kuniuliza kwa ishara kama nimeogopa.

Simba huyo alimtafuta kwa jasho. Alichukua ruhusa ya siku nzima akaenda kusimama mbele ya kizimba cha simba, na kuanzia asubuhi mpaka wanafunga geti yule simba alilala tu. Alikoroma, akajigeuza, akakoroma upande wa pili. Mtu mwingine angerudi na malalamiko. Yeye alirudi na simba anayekoroma, na Jumamosi iliyofuata watoto walipiga simu wakakisia trekta, wakakisia baba, mmoja akakisia mwalimu wake wa hesabu. Tulicheka mpaka tukavunjika mbavu. Alikwenda nyuma ya bucha kusikiliza mbwa. Alikwenda sokoni kumsikiliza punda, akaniambia punda anaanza kulia kwa kuvuta hewa, si kwa kuitoa, na kwamba watu wote wanaomuigiza punda wanakosea hapo hapo. "Sikiliza anavyovuta, Mkasi," alisema. "Mnyama akivuta pumzi ndipo anapokufikiria."

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Naomba likumbukwe.

Dakika tatu za mwisho za kipindi zilikuwa za mnyama asiyekuwepo. Hakumpa jina. Watoto wenyewe walianza kumwita Yule wa Mwisho, na jina likakaa. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyejua ana miguu mingapi, na dada alikataa katakata kusema. Alitoa mlio wake tu. Alivuta pumzi ndefu ndani kwa koo, na njiani ile pumzi ikakwaruza na kukwama kidogo, kama mtoto anayetaka kulia akaghairi, halafu ikatoka na mngurumo wa chini sana ambao spika ndogo za majumbani hazikuweza kuubeba vizuri. Nilisimama nyuma ya kioo Jumamosi baada ya Jumamosi, na vinyweleo vya mikono vikanisimama, mimi mtu mzima niliyemwona akitoka kunywa chai na kujikuna kisigino.

Barua zilikuja kwa magunia. Watoto walimchora ana mabawa, ana pembe moja, ana vichwa viwili vinavyogombana. Waliuliza kama anaoga. Waliuliza kama ana mama. Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba Jumamosi saa kumi na dakika ishirini na saba huegesha kando ya barabara, kwa sababu hawezi kuendesha huku Yule wa Mwisho anavuta pumzi. Mwuza nyama alituletea mfupa mkubwa umefungwa kwenye gazeti, akasema ni wa yule mnyama, halafu akaona haya akaondoka upesi. Sijui watu wanatafuta nini kwa wanyama. Ninachojua ni kwamba nilisikia habari za mafuriko na za bei ya unga zikitangazwa hewani na hakuna aliyeandika barua.

Kati ya barua hizo moja ilitoka kwa mtu mzima. Ilikuwa imeandikwa na jirani yake kwa niaba yake. Alisema yeye ni msuka viti, alipofuka akiwa na miaka mitatu kwa surua, na wanyama aliowahi kuwagusa ni paka, mbuzi na kuku. Wengine wote anawajua kwa koo la mama wa redioni. Alikuwa na ombi moja: angependa kusikia Yule wa Mwisho akiwa amelala.

Wenzangu walicheka. Dada hakucheka. Jumamosi ile alimlaza. Sasa elewa, kwenye redio ukimya ni kosa. Sekunde tano zikipita bila sauti, simu ya chumba cha mitambo inalia na bosi anauliza nani amekufa. Yule wa Mwisho alilala kwa dakika nzima, na kulala kwake kulikuwa pumzi tupu. Ilivutwa, ikakwama, ikakaa hapo mpaka ukashikwa na wasiwasi, halafu ikatoka na mngurumo mdogo. Nilitokwa na jasho la mgongo. Simu ililia kweli, na bosi hakuuliza nani amekufa. Alisema, "Usimwamshe."

Wiki mbili baadaye msuka viti alikuja mwenyewe ameshika kigoda kipya cha zawadi, akaongozwa hadi studio, akasema, "Naomba nimsalimie mama mwenye nyumba ya wanyama." Damu zao zilipatana papo hapo. Dada alikuwa na miaka thelathini na minane, na watu wake walishakata tamaa ya kumwona akiolewa. Waliooana ndani ya mwaka ule walikuwa wawili, lakini mimi nasema walikuwa watatu, kwa sababu baada ya chakula cha mchana, shemeji akinyoosha miguu kupumzika, aliomba alaziwe yule mnyama, na dada akamlaza. Binti yao alikua akidhani kila nyumba ina kitu cha namna hiyo.

Mwaka wa kumi na tisa sauti yake ilianza kukwaruza. Tulisema ni vumbi la studio. Tukasema ni ndoo. Alinywa tangawizi na asali mpaka akazichukia. Alipokwenda hospitali alirudi na karatasi, akaketi kwenye kiti cha chumba changu cha mitambo, akaniambia kuna uvimbe kooni na kisanduku cha sauti kitatolewa chote. Akitaka kuishi hakuna namna nyingine. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata.

"Nitapumua kwa hapa," alisema, akagusa chini ya koo. "Sitaongea tena, Mkasi. Wala sitalia kama punda."

 Nikamuuliza kama amekula.

"Nisikilize," alisema. "Hatuna hata kanda yangu moja."

Ilikuwa kweli. Kipindi kilikwenda moja kwa moja hewani, na mara chache tuliporekodi, kanda ilifutwa na kutumiwa tena. Kanda zilikuwa haba. Kwa mkono wangu nilirekodi mahubiri na taarabu juu ya simba wake.

"Nataka tuwarekodi wote," alisema. "Si kwa ajili ya redio. Kwa ajili ya mzee wangu. Fikiria, hanioni. Nikinyamaza nitakuwa nimetoweka ndani ya nyumba."

Tulirekodi Jumanne na Jumatano mchana, studio ikiwa wazi. Niliipata kanda moja mpya kwa kuiomba mpaka nikaona haya. Alifanya wanyama ishirini na watatu. Kwa simba ilibidi ashike meza. Kati ya mnyama na mnyama alipumzika, na hata akipumzika nilisikia kwenye vipokea sauti vya masikioni jinsi hewa ilivyopita kwa shida kooni mwake, kwa mikwaruzo ambayo haikuwepo zamani. Mwisho alimfanya Yule wa Mwisho akiwa macho, halafu akamlaza. Safari hii alimlaza dakika mbili. Nilijitia kufuta vumbi kwenye mashine ili asinione uso.

Alipomaliza taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Kisha akasema kwa sauti iliyokwisha, "Nitengenezee kanda ya mzee." Ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa mdomo.

Nitengenezee. Kwa fundi mitambo neno hilo lina maana moja tu, na Alhamisi nilijifungia na wembe wangu nikaifanya kazi hiyo kwa mapenzi yangu yote. Nilitaka shemeji asisikie ugonjwa. Nilitaka apate mke mzima, wa siku zile za magunia ya barua. Kila mkwaruzo niliuzungusha, nikaupata, nikaukata. Kila pumzi ya kuhangaika niliikata. Sikuwa na kanda ya pili ya kutolea nakala, kwa hiyo nilikata ile ile ya kwanza, jambo ambalo hata mwanafunzi anakatazwa siku ya kwanza kazini. Vipande vilijaa kapu la taka mpaka vikaning'inia nje. Nilipofika kwa Yule wa Mwisho akiwa amelala, dakika mbili zikawa sekunde ishirini na tano. Ulibaki mngurumo mtupu, laini, usio na doa. Nilisikiliza mara tatu. Nikasema peke yangu, kwa kinywa hiki hiki, "Imekaa vizuri."

Mtu mwingine angejitetea kwamba hakujua. Mimi nilijua. Nilimwona kupitia kioo akivuta ile pumzi kwa miaka kumi na tisa, na aliniambia habari za punda ana kwa ana. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimezoea kukata kuliko masikio yangu yalivyozoea kusikiliza, na wala sikusita. Asubuhi yake mfagiaji alichukua kapu akalichomea moto nyuma ya jengo pamoja na takataka nyingine, kama ilivyo kawaida.

Upasuaji ulikwenda salama. Binti yao alikuja akakaa nao wiki tatu, halafu ikabidi arudi shule ya bweni, mbali. Ndipo nilipoelewa tatizo la nyumba ile, ambalo sisi wote tuliojifanya werevu hatukulifikiria. Dada alikuwa anaandika kwenye kibao cha shule kwa chaki. Mumewe haoni. Shemeji aliweza kuongea na mkewe mchana kutwa, na mkewe hakuweza kumjibu ila kwa kugonga meza, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Jaribu kuishi na mtu kwa ndiyo na hapana. Jaribu kumwambia kwa kugonga kwamba umemwota mama yako.

Kwa hiyo nikawa nakwenda kila siku baada ya kazi, naketi katikati yao, nasoma. Dada aliandika, mimi nikasoma kwa sauti, akafuta, akaandika tena. Nilisoma kwamba fundi bomba hakuja. Nilisoma kwamba kiti cha mteja mwenye masharubu kimekaa upande. Nilisoma pia mambo ya mke na mume ambayo sikustahili kuyapitisha mdomoni, na shemeji akacheka, akasema, "Shemeji, sauti yako nzito haimfai huyu bibi, hebu jaribu kuipandisha." Nikaipandisha. Dada alicheka bila sauti, mabega yakaruka, mkono umeshika kitambaa cha shingoni.

Siku nyingine alitoa kikapu. Vifuu vilikuwa bado ni vyake, havikuhitaji koo. Alimtembeza farasi juu ya meza, kutoka upande wake hadi kwa mumewe, taratibu, farasi akasimama, akapiga kwato moja, akasubiri. Shemeji alinyoosha mkono akaukuta mkono wake. Kinda wa ndege naye alikuja kwa kizibo na kioo. Lakini simba hakuwepo tena, punda hakuwepo, na mnyama mwingine hakuna aliyethubutu kumtaja.

Redioni kipindi walikipa santuri ya ng'ambo yenye milio halisi ya wanyama wa porini. Watoto waliandika kulalamika. Walisema simba wa sasa ni wa uongo.

Kanda niliikawiza. Nilisema kaseti haijafika, nikasema mashine ya kunakilia ni mbovu. Sasa naona kwamba kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinanong'ona. Ila wakati ule nilijiambia nangoja apate nguvu, ili waisikilize pamoja kwa furaha. Siku moja alasiri nikaenda nayo. Shemeji aliweka kinanda chake kidogo cha kaseti mezani, akafuta mikono kwenye suruali kama mtu anayetaka kupokea mtoto mchanga. Nikabonyeza.

Wanyama walipita mmoja mmoja, safi, wamenyooka. Shemeji alikuwa anatabasamu. Kwa simba tabasamu lilipungua kidogo. Kwa punda aliinamisha kichwa, akasogeza sikio. Nilimtazama dada, na dada alikuwa ananitazama mimi. Halafu akaja Yule wa Mwisho akiwa macho, kisha yule aliyelala, sekunde zake ishirini na tano, na kaseti ikakata.

 Shemeji alipapasa kile kinanda juu na pembeni. "Labda kifaa ndicho kibovu," alisema kwa upole. "Sauti ni yake, lakini... sijui. Hakuna mtu ndani." Akamgeukia mkewe. "Mama, wewe umeisikiaje?"

Dada akachukua kibao. Aliandika kwa muda mrefu. Chumba kizima kilikuwa chaki tu. Mwisho wa kila mstari aligonga chaki kwenye ubao wa pembeni kama alivyozoea, akaanza mstari mwingine, na alipojaza kibao alinisogezea.

Mstari wa kwanza ulisema: Kanda hii si mimi. Wa pili ulisema: Mkasi amekata pumzi zangu zote, na pumzi ndizo zilikuwa mnyama.

Uso uliniwaka. Nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Sikutaka kujua nini kinafuata. Niliinua macho nikasema, kwa ile sauti ya kusoma, "Anasema kanda ni nzuri sana. Kifaa ndicho kimechoka."

Dada alikuwa bubu, hakuwa kiziwi. Alisikia kila neno. Angeweza kugonga meza mara mbili, na mkono wake ulikuwa pale pale juu ya meza. Nilingoja agonge. Nilitamani agonge. Hakugonga. Alinitazama bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza na inayoniuma hadi leo, maana hasira ningeijibu. Mimi ni hodari wa hasira. Alivuta kibao, akakifuta chote kwa mkono wa gauni lake, akaandika: Muulize kama atakunywa chai.

Nikasoma hilo, neno kwa neno.

Aliishi miezi minne baada ya siku ile. Uvimbe ulirudi mahali pengine. Niliendelea kwenda kila siku, na kila siku aliniandikia mambo ya nyumbani: dawa, sabuni, mvua imevuja jikoni. Yale mazungumzo yao ya mke na mume hayakupita tena kwangu. Alikuwa anamshika mumewe mkono na kukaa hivyo, na mimi nikawa sina kazi, naangalia ukuta. Niliapa kila nilipofika mlangoni kwamba leo nitasema. Kila nilipotoka nilijiambia kesho. Alikata roho asubuhi moja, mumewe akiwa ameweka kiganja kwenye kile kitambaa cha shingoni ili asikie kwa mkono. Shemeji mwenyewe ndiye aliyetuambia wakati pumzi ilipokwisha.

Nilikwenda kwake siku ya arobaini na kitu, watu wote walipokwishaondoka. Alikuwa anasuka kiti. Nilikaa, nikapiga moyo konde, nikamweleza yote. Nilimwambia habari za wembe, na za kapu la taka. Nikamwambia kwamba kifaa hakikuwa kibovu.

"Najua," alisema. "Nilikipeleka kwa fundi. Akasema kizima."

"Kwa hiyo ulijua nilidanganya."

"Shemeji, mimi masikio ndiyo macho yangu." Hakuacha kusuka. "Alipiga chaki mara saba. Mistari saba. Wewe ukasoma maneno ya kujaza mstari mmoja na nusu. Nikajua kuna kitu umekibakiza." Alivuta uzi, akaukaza. "Sikukugombeza mbele yake. Nilisema akipata nafuu kidogo nitatafuta mtu mwingine wa kunisomea, ili yeye aniandikie upya. Hakupata nafuu."

Nilikuwa nalia sasa, na sikujificha, kwa nani nijifiche.

"Basi niambie," alisema, na safari hii mikono ilisimama. "Nimesubiri sana. Aliandika nini?"

Nikamsomea kwa kichwa mistari miwili ya kwanza, ile ya kanda na ya pumzi. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu.

"Bado mitano."

"Sikuisoma, shemeji."

"Ulikuwa umeshika kibao mkononi."

"Niliona aibu nikaacha kusoma. Akafuta." Nilifuta uso kwa kiganja. "Niliona tu mstari wa tatu ulivyoanza. Ulianza, 'Mzee wangu.' Hapo ndipo nilipoinua macho."

Nilidhani atanifukuza, na ningeshukuru. Aliweka kiti chini. Aligeuza uso upande wangu, sikio limetangulia, kama alivyokuwa anakaa zamani Jumamosi saa kumi.

"Soma tena," alisema.

"Mzee wangu."

"Tena."

Nikasema tena. Aliniomba tena, na mimi nikasema tena, na sijui nilisema mara ngapi alasiri ile. Kila nilipomaliza yale maneno mawili hakuomba mara moja. Alinyamaza kwanza, ameinamisha kichwa, akisubiri yanayofuata.